Tujue Wanyama: Popo si Ndege

Hebu fikiri jambo hili. Ni jioni. Jua limekwisha kuzama. Watoto wanacheza chini ya mwembe. Mara mtoto mmoja anaona kitu cheusi kinatambaa chini. Ni popo aliyeanguka. Mtoto anamwokota. Popo anamng'ata kidole. Damu kidogo inatoka. Mtoto analia na kukimbilia nyumbani.

Bibi yake anakitazama kidole.

"Umeng'atwa na nini?"

"Na popo, bibi."

"Basi nyamaza, mjukuu wangu. Popo ni ndege tu. Kidonda cha ndege hakina neno."

Baba wa mtoto amesikia. Anasema, "Hapana, mama. Popo si ndege. Popo ni mnyama."

"Mnyama gani anayeruka?" bibi anauliza. "Tangu lini mbuzi akapaa juu ya paa?"

Wote wanacheka. Mtoto naye ananyamaza. Ubishi unaendelea mpaka ugali unapoa.

Nani anasema kweli? Ubishi huu unaonekana kuwa wa mchezo. Lakini sivyo. Uhai wa mtoto yule unategemea jibu. Mwisho wa makala haya utaona sababu yake. Kwanza tujifunze mnyama ni nani, na wanyama wamegawanyika katika makundi gani.

ALAMA ZA KUWATAMBUA

Viumbe wenye uti wa mgongo ni wengi. Wako samaki, vyura, nyoka na mijusi, ndege, na wanyama wanaonyonyesha. Hawa wa mwisho ndio tunaowazungumzia leo. Aina zao duniani ni zaidi ya 6,000. Ng'ombe wako yumo. Paka wako yumo. Na wewe mwenyewe umo.

Utawatambuaje? Ziko alama chache.

Alama ya kwanza ni maziwa. Mama huwalisha watoto wake maziwa yanayotoka mwilini mwake. Kuku hana maziwa. Mamba hana maziwa. Lakini panya anayo, simba anayo, na hata nyangumi wa baharini anayo.

Alama ya pili ni nywele. Sisi tunasema "manyoya" kwa kuku na "manyoya" kwa kondoo. Neno ni moja, lakini vitu ni viwili. Chukua unyoya wa kuku. Utaona una ufito katikati na majani pande mbili. Sasa chukua unywele wa mbuzi. Ni uzi mmoja tu. Mnyama anayenyonyesha ana nywele. Kwa wengine ni nyingi, kama kondoo. Kwa wengine ni chache sana, kama kiboko.

Alama ya tatu ni joto la mwili. Mjusi huota jua asubuhi ili apate joto. Mnyama anayenyonyesha hutengeneza joto lake mwenyewe kutokana na chakula. Mtu mzima wa afya ana joto la nyuzi 37 hivi, usiku na mchana. Ndege nao wana joto la namna hii. Kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi.

Alama ya nne ni meno. Meno ya mamba yanafanana yote. Yametengenezwa kwa kushika. Sasa jipitishie ulimi mdomoni mwako. Mbele yako meno ya kukatia. Pembeni ziko chonge. Nyuma yako magego ya kusagia. Wanyama wengi wanaonyonyesha wana meno ya namna mbalimbali, na kila namna ina kazi yake.

Iko alama nyingine ya ndani ambayo huwezi kuiona. Twiga ana shingo ndefu kuliko wote. Panya hana shingo ya kutaja. Lakini ukihesabu mifupa ya shingo zao utapata 7 kwa twiga na 7 kwa panya. Wewe pia unayo 7. Karibu wanyama wote wanaonyonyesha wako hivyo.

Haya, tumrudie popo. Ana nywele mwilini. Ana meno. Ana masikio yaliyosimama. Hatagi mayai. Huzaa mtoto na kumnyonyesha. Bawa lake halina unyoya hata mmoja. Ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vidole virefu. Kwa hiyo baba wa mtoto alisema kweli. Popo ni mnyama anayenyonyesha. Ndiye mnyama wa pekee wa jamii hii anayeruka kweli kwa mabawa.

MAKUNDI MAKUBWA MATATU

Wataalamu wamewagawa wanyama wanaonyonyesha katika makundi makubwa matatu. Wanatazama jinsi mtoto anavyozaliwa.

Kundi la kwanza ni la wanyama wanaotaga mayai. Usishangae. Wapo, lakini ni wachache mno. Ni aina 5 tu, na wote wanaishi Australia na kisiwa cha Nyugini. Mmoja huitwa platipasi. Ana mdomo kama wa bata na mkia mpana, na huishi mitoni. Mwaka 1799 mtaalamu mmoja wa Uingereza aliletewa ngozi ya mnyama huyu. Alishuku kwamba mtu fulani ameshonea mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine. Wenzake wanne wa kundi hili huitwa ekidna. Wana miiba na hula mchwa na wadudu wengine. Wanyama hawa hutaga mayai, lakini watoto wakitoka hunywa maziwa. Mama hana chuchu. Maziwa hutoka kwenye ngozi kama jasho, na watoto huyaramba.

Kundi la pili ni la wanyama wenye mfuko. Mkubwa wao ni kangaruu. Wanaishi Australia, Nyugini na Amerika. Afrika hawapo. Mimba ya kangaruu mwekundu hukaa mwezi mmoja tu hivi. Mtoto huzaliwa akiwa mdogo kama harage, na uzito wake ni kama gramu 1. Hana nywele wala haoni. Lakini hupanda mwenyewe kwenye tumbo la mama yake mpaka aingie mfukoni. Humo hushika chuchu na kukua kwa miezi mingi.

Panya buku wetu ana mifuko pia, lakini yeye si wa kundi hili. Mifuko yake iko mashavuni. Ni ya kubebea chakula, si ya kulelea watoto.

Kundi la tatu ni kubwa kuliko yote. Ni wanyama ambao mtoto hukaa tumboni mpaka amekomaa vya kutosha. Humo tumboni hulishwa kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Ng'ombe, mbwa, tembo, popo na binadamu wote wamo katika kundi hili.

KONDO LA NYUMA NA KAZI YAKE

Wafugaji wanalijua kondo la nyuma. Ndama akishazaliwa, hutoka baada yake. Kazi yake ni kupitisha chakula na hewa kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto, na kutoa uchafu wa mtoto.

Kila mnyama ana muda wake wa kubeba mimba. Mfugaji mzuri huandika tarehe ya kupandisha, kisha huhesabu:

Ng'ombe: miezi 9 na siku chache.
Mbuzi na kondoo: miezi 5.
Nguruwe: miezi 3, wiki 3 na siku 3.
Punda: mwaka 1 hivi.
Sungura: mwezi 1.
Mbwa na paka: miezi 2 na siku chache.
Panya wa nyumbani: wiki 3.
Tembo: miezi 22.

Sasa angalia panya na tembo. Tembo anapozaa mtoto mmoja, panya amekwisha kuwa na watoto, wajukuu na vitukuu wasiohesabika. Ndiyo maana panya huharibu ghala kwa muda mfupi. Na ndiyo maana tembo wakiuawa ovyo hawarudi upesi.

Yako mambo mawili ya kukumbuka hapa.

La kwanza ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Ni mazito na ya rangi ya manjano. Watu wengine huyamwaga wakidhani ni machafu. Hilo ni kosa kubwa. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga ya magonjwa. Ndama huzaliwa bila kinga ya mama. Kinga hiyo imo katika dang'a. Mnyonyeshe ndama mapema, katika saa 6 za kwanza. Ukichelewa, matumbo yake hayawezi tena kuipokea kinga hiyo vizuri. Mtoto wa binadamu naye apewe ziwa la mama katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kisha anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6.

La pili ni ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akitupa mimba, huenda ana ugonjwa uitwao bruselosisi. Vijidudu vyake huwa vingi sana kwenye kondo na kwenye majimaji. Mtu akivishika kwa mikono mitupu anaweza kuambukizwa. Maziwa mabichi pia huambukiza. Mtu huyo hupata homa zinazokwenda na kurudi, na maumivu ya viungo. Kwa hiyo vaa mipira ya mikono. Fukia kondo na mimba iliyotupwa kwenye shimo refu ili mbwa wasifukue. Chemsha maziwa. Mwite bwana mifugo.

JAMAA ZA WANYAMA WETU

Kundi hili la tatu ni kama ukoo mkubwa. Ndani yake zimo jamaa nyingi. Hebu tuzitazame jamaa tunazokutana nazo. Utaona kwamba kufanana kwa sura si undugu.

Wala nyama. Hawa ni simba, chui, paka, mbwa, mbweha, fisi, nguchiro, nyegere na fisi maji. Chonge zao ni ndefu. Magego yao yanakata kama mkasi. Fisi anafanana na mbwa, lakini undugu wake na paka na nguchiro ni wa karibu zaidi kuliko undugu wake na mbwa. Nguchiro huiba vifaranga, ni kweli. Lakini pia hula panya na nyoka. Ukijenga banda imara utafaidi kazi yake bila hasara.

Wenye kwato. Hawa wamegawanyika sehemu mbili. Wengine wana vidole vya hesabu shufwa, yaani 2 au 4. Hao ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala, nyati, twiga, nguruwe na kiboko. Wengine wana vidole vya hesabu witiri. Punda, farasi na pundamilia wana kidole 1. Kifaru ana vidole 3.

Tofauti hii ina faida kwa mfugaji. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua. Tumbo lao lina vyumba vinne. Nyasi hukaa katika chumba cha kwanza, ambamo vijidudu huzichachusha. Kisha mnyama hulala kivulini, huzirudisha mdomoni na kuzitafuna tena. Usiogope ukimfungua ng'ombe mdomo na kukuta hana meno ya mbele ya juu. Ndivyo alivyoumbwa. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja, na nyasi huchachuka katika utumbo mpana. Nguruwe naye hacheui, na hawezi kuishi kwa nyasi peke yake. Anayemlisha nguruwe majani matupu asilaumu mbegu, ajilaumu mwenyewe.

Wagugunaji. Hawa ni panya, buku, ndezi, kindi, fuko na nungunungu. Ni wengi kuliko jamaa zote. Katika kila aina 10 za wanyama wanaonyonyesha, 4 ni za wagugunaji. Meno yao ya mbele hayakomi kukua. Lazima wagugune ili yasirefuke mno. Ndiyo sababu panya hukata hata kitu asichokila, kama mbao, gunia au sabuni. Ukijenga ghala, liinue juu ya nguzo na uzivike nguzo bati. Panya hawezi kupanda bati laini.

Lakini usiseme kwamba panya hana faida. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Pia hunusa makohozi ili kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Buku mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alifanya kazi nchini Kambodia. Alitambua mabomu na risasi kubwa zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza kwa ushujaa wake. Alikufa Januari 2022.

Sungura. Wengi hudhani sungura ni ndugu wa panya. Zamani hata wataalamu waliwaweka pamoja. Lakini sungura ana meno mawili madogo nyuma ya meno yake makubwa ya juu. Panya hana. Jambo jingine, sungura hula mavi yake laini. Mfugaji mgeni akiona hivyo hudhani sungura ana ugonjwa au njaa. Sivyo. Ni namna yake ya kukipitisha chakula tumboni mara ya pili. Ng'ombe hucheua, sungura hula tena.

Wala wadudu. Hapa wamo kirukanjia na kalunguyeye. Kalunguyeye ana miiba. Nungunungu naye ana miiba. Je, ni ndugu? La. Nungunungu ni mgugunaji, naye huchimba mihogo na viazi vyako. Kalunguyeye hula wadudu na konokono. Mmoja anakula shamba lako, mwingine analilinda. Usiwaue wote kwa kosa la miiba.

Jamaa ya tembo. Hapa ndipo pa ajabu. Unamjua pimbi, mnyama mdogo wa mawe, mwenye sura kama ya sungura asiye na masikio marefu. Ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Muhanga anayechimba mashimo ya mchwa ni jamaa yao pia. Hata sange mwenye pua ndefu yumo. Undugu huu umethibitishwa kwa kupima vinasaba vyao. Vinasaba ni vitu vidogo sana mwilini ambavyo mtoto huvirithi kwa wazazi. Jamaa hii ilianzia hapa Afrika. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza sange mpya mkubwa, aliyegunduliwa katika misitu ya milima ya Udzungwa. Kwa hiyo usidhani kwamba wanyama wote wamekwisha kujulikana.

Wa baharini. Nyangumi na pomboo si samaki. Wanavuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha watoto wao. Mkia wa samaki hupiga kulia na kushoto. Mkia wa nyangumi hupiga juu na chini. Ndugu wa karibu wa nyangumi aliye hai nchi kavu ni kiboko. Nyangumi wa buluu ndiye mnyama mkubwa kuliko wote duniani. Urefu wake huweza kufika mita 30. Wavuvi wa pwani yetu huwaona nyangumi wenye nundu wakija kuzaa kati ya Julai na Oktoba.

Nguva naye huishi baharini na kula majani ya bahari. Kwetu amebaki kwa uchache sana, hasa upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Mvuvi, ukimnasa, kumbuka kwamba yeye si samaki. Lazima aje juu kuvuta hewa kila baada ya dakika chache. Wavu ukimshika chini, anakufa maji kama mtu. Kata wavu umwachie. Sheria inamlinda.

Kakakuona. Ana magamba, lakini si jamaa ya mamba wala samaki. Magamba yake ni kitu kile kile kilichofanya kucha zako. Hana meno. Hula sisimizi na mchwa kwa ulimi mrefu. Katika vijiji vyetu vingi, akionekana huwekewa maji, nafaka na panga, ili atabiri mwaka utakuwaje. Walanguzi humwinda kwa ajili ya magamba hayo. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kakakuona wote kati ya nchi na nchi. Huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja.

Jamaa ya nyani. Komba, ngedere, mbega, nyani, sokwe na binadamu. Mikono yao inashika. Macho yao yote mawili yanatazama mbele. Kucha zao nyingi ni bapa. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyekuwa akichunguza sokwe wa Gombe mkoani Kigoma, alimwona sokwe akichomeka ukoka katika kichuguu ili kuvua mchwa. Kabla ya hapo watu waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana.

POPO NA KAZI ZAKE

Aina za popo ni zaidi ya 1,400. Katika kila aina 5 za wanyama wanaonyonyesha, 1 ni ya popo. Wengi hula wadudu, wakiwemo mbu na nondo ambao viwavi vyao huharibu mazao. Hutoa sauti nyembamba ambayo sisi hatuisikii, kisha husikiliza mwangwi wake. Kwa mwangwi huo hujua mdudu yuko wapi gizani.

Wengine hula matunda. Hawa hupeleka mbegu mbali, na hutembelea maua ya mbuyu usiku. Popo wa Pemba ni mkubwa. Akinyoosha mabawa, upana wake ni zaidi ya mita moja na nusu. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa sababu ya kuwindwa na kukatiwa miti. Kisha wananchi wa vijiji kama Kidike wakaanza kumlinda. Sasa wamefika maelfu.

Lakini popo wengine hubeba magonjwa. Virusi vya Marburg vimo katika popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Ugonjwa huo ulitokea mkoani Kagera mwaka 2023 na kuua watu. Je, tuwachome moto popo wote? Hapana. Huko Kitaka nchini Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Baadaye popo wa mgodi ule waliuawa. Popo wengine wakahamia mle ndani. Walipopimwa, wenye virusi walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza. Dawa ni kuwaacha. Usiingie katika mapango yao. Usiwashike. Usile tunda lililong'atwa. Wakiingia darini, ngoja watoke jioni, kisha ziba matundu.

SASA TUMRUDIE MTOTO

Ndugu msomaji, uko ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa. Jina lake linawadanganya watu. Ugonjwa huu si wa mbwa peke yake. Huwapata wanyama wanaonyonyesha: mbwa, paka, fisi, mbweha, nguchiro, ng'ombe, punda, na binadamu. Kuku hawaleti. Nyoka haleti. Popo naye hubeba virusi vya jamaa ile ile.

Mwaka 2007 mgeni mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya. Mkwaruzo ulikuwa mdogo. Hakuchanjwa. Alirudi kwao, akaugua, akafa mwaka huo huo.

Sasa umeona. Bibi alisema popo ni ndege, basi kidonda hakina neno. Kama familia ingemsikiliza, mtoto angelala bila dawa. Baba alisema ni mnyama. Kwa neno hilo mtoto anapelekwa hospitali. Si kwamba kila popo ana ugonjwa. Lakini nani atakayemjua mwenye nao kwa kumtazama?

Fanya hivi ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, popo au mnyama mwingine wa jamii hii:

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni. Osha kwa dakika 15. Usipake majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa.

2. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Eleza ni mnyama gani aliyekuuma. Usingoje kuona dalili. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

3. Maliza sindano zote ulizoandikiwa. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona.

4. Mtoe habari mnyama huyo kwa bwana mifugo na kwa viongozi wa kijiji.

Na kumbuka kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliumwa na mbwa. Kwa hiyo peleka mbwa wako akachanjwe kila mwaka. Kijiji kikichanja mbwa 7 katika kila mbwa 10, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Bibi yule hakuwa mjinga. Anaijua miti ya dawa kuliko sisi sote. Jambo hili moja tu hakupata wa kumweleza. Basi wewe uliyesoma leo, mweleze bibi yako. Mweleze na mtoto wako kwamba popo aliyeanguka chini haokotwi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja alama tatu za mnyama anayenyonyesha.

2. Kwa nini ndama lazima anyonye dang'a mapema?

3. Nungunungu na kalunguyeye wana tofauti gani? Yupi ni adui wa mkulima?

4. Nguva akinaswa wavuni kwa muda mrefu hufa. Kwa nini samaki hafi kwa sababu hiyo hiyo?

5. Katika kijiji chenu, mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Wangapi bado?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya nyoka: wepi wana sumu, wepi hawana, na mtu aliyeumwa afanyiwe nini.